Ngazi ya Pasaka: Jinsi Wafaransa Walivyojifunza Kurudi Barabarani Baada ya Baridi

Kila mwaka, theluji ikianza kuyeyuka kwenye vilima vya Pilat, vilabu vya baiskeli vya Ufaransa hutoa kalenda ambayo kwa mgeni ni orodha ya tarehe tu. Machi, kilomita 200. Aprili, 300. Mei, 400. Juni, 600. Na kila baada ya miaka minne, ifikapo Agosti, kilomita 1,200 kutoka viunga vya Paris hadi bandari ya Brest na kurudi. Safari hizi huitwa breveti: unapewa kadi, unapewa muda, na kila kituo unagongewa muhuri.

Mimi ni fundi baiskeli, mzaliwa wa Tanga, na karakana ninayofanyia kazi iko Saint-Étienne, mji wa viwanda ulio kusini-magharibi ya Lyon. Baiskeli za watu wanaofuata kalenda hiyo hupita mikononi mwangu, na mwenyewe naifuata. Nikiitazama kwa jicho la kazi yangu, naona kuwa ndani ya zile tarehe kuna elimu iliyochukua zaidi ya nusu karne kukusanywa. Walioikusanya wengi wao walikuwa watu wenye shughuli zao, wafanyabiashara, waandishi wa magazeti na makarani, ambao walitaka kujua namna ya kumrudisha barabarani mtu aliyekaa ndani miezi mitatu bila kumwumiza.

Msomaji wa pwani aielewe kwanza hiyo baridi. Kwetu Tanga, iwe Januari iwe Julai, mapambazuko na machweo hayatofautiani kwa zaidi ya nusu saa hivi. Saint-Étienne, mwezi wa Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na moja jioni. Mfanyakazi hutoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Barabara za juu huganda usiku, na manispaa humwaga chumvi ili magari yasiteleze. Mama yangu, kila tukiongea kwenye simu miezi hiyo, huniuliza jambo lilelile: "Mwanangu, na baridi hiyo bado unapanda baiskeli?" Namjibu kwamba naipanda kwenda kazini tu. Safari ndefu husubiri.

Chumvi ile naiona kazini. Kufikia Februari wateja huanza kuleta baiskeli zilizokaa kwenye vyumba vya chini tangu Novemba, pamoja na zile chache zilizofanya kazi majira yote. Nikifungua ekseli ya pedali ya hizi za pili, nakuta grisi iliyokuwa ya manjano imekuwa ya kijivu na nyepesi kwa maji yaliyopenya. Gololi zimepoteza mng'ao, nyingine zina vishimo vidogo unavyovihisi kwa ukucha kabla hujaviona kwa jicho. Kwenye cheni kuna kutu ya rangi ya chungwa kila pini inapoingia, na pale spoki zinapokutana na rimu kuna unga mweupe. Naosha vyote kwa mafuta ya taa, nafuta, nakausha, napaka grisi mpya. Gololi nazibadilisha zote hata kama mbovu ni mbili tu, kwa sababu mpya na kuukuu hazibebi mzigo kwa usawa. Baada ya hapo namwambia mwenye baiskeli aende taratibu wiki ya kwanza kisha airudishe nikaze tena.

Mwili nao una hesabu yake. Mwaka 1984, mtafiti wa Marekani Edward Coyle na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanamichezo wa mbio na baiskeli waliozoea mazoezi mazito kwa miaka, kisha wakaacha kabisa kwa siku 84. Katika siku 21 za mwanzo, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7. Kufikia siku ya 56 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16, na hapo ukatulia. Kilichoanguka upesi ni kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kwa pigo moja. Lakini mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, ile iliyojengwa kwa miaka ya kukanyaga pedali, ilibaki ilivyokuwa. Kwa maneno mengine, mapumziko hupunguza mengi, na hupunguza haraka, ila hayafuti kila kitu. Anayerudi baada ya baridi hajawa mtu asiyewahi kupanda baiskeli, wala si yule aliyeiacha Oktoba. Waendesha baiskeli wa zamani hawakuwa na maabara. Hayo waliyajua kwa miguu yao, na iliwachukua muda kuyajua.

Turudi nyuma hadi 1891, mwaka ambao mbio ndefu za barabarani zilishika moto Ufaransa. Mwezi Mei, Mwingereza G. P. Mills alishinda mbio za Bordeaux hadi Paris akiwa ameendesha zaidi ya saa 26. Septemba, mwandishi Pierre Giffard wa gazeti la Le Petit Journal akaandaa kubwa zaidi: Paris hadi Brest na kurudi. Zaidi ya watu 200 walijitokeza alfajiri ile, wakiwa na baiskeli za kila namna, zikiwemo za magurudumu matatu. Aliyeshinda, Charles Terront, alitumia saa 71 na dakika 22, na hakulala. Mpinzani wake, Jiel-Laval, alikuwa mbele wakati wa kurudi, akasimama Guingamp kupumzika. Terront akampita akiwa usingizini, na mbio zikawa zimeamuliwa hapo.

Terront alikuwa mtu wa kazi hiyo, mwenye miaka mingi ya mashindano mwilini. Wengi wa waliokuwa nyuma yake hawakuwa hivyo. Hapakuwa na sharti la kuonyesha kwamba umewahi kwenda hata kilomita 100. Waliomaliza hawakufika nusu ya walioanza, na baadhi yao walichukua siku nyingi. Na aliyetaka kujiandaa angemwuliza nani? Mafunzo yaliyokuwepo yalirithiwa kutoka kwa watembeaji na wakimbiaji wa Uingereza: nyama kwa wingi, maji kidogo, kutoka jasho kwa makusudi, na dawa za kuharisha ili kusafisha tumbo. Yalikuwa mafunzo ya kumkausha mtu. Kwa safari ya siku tatu barabarani, hayo ni madhara matupu.

Mtu aliyeleta njia nyingine aliishi mji huu ninaoishi. Jina lake Paul de Vivie, lakini watu walimjua kwa jina la kalamu, Vélocio. Alizaliwa 1853 huko Pernes, Provence, akaja Saint-Étienne akafanya biashara ya hariri. Baiskeli ilipomwingia akilini aliiacha hariri, akafungua duka la baiskeli, akatengeneza zake zilizoitwa La Gauloise, na mwaka 1887 akaanzisha jarida ambalo baadaye lilijulikana kama Le Cycliste. Mji ulimfaa. Saint-Étienne ulikuwa mji wa chuma, bunduki na utepe wa hariri. Mafundi wake walijua kukata vyuma vidogo kwa usahihi, na kutoka kwenye bunduki hadi kwenye baiskeli hapakuwa mbali. Hata leo jumba la makumbusho la mji lina mkusanyiko mkubwa wa baiskeli za wakati huo.

Zaidi ya yote, mji una mlima mlangoni. Ukitoka katikati ya Saint-Étienne kuelekea kusini, barabara hupanda kwa zaidi ya kilomita 10 hadi Col de la République, mita 1,161 juu ya bahari. Mashindano ya kwanza kabisa ya Tour de France, mwaka 1903, yalipita hapo. Kwa Vélocio mlima huo ulikuwa maabara. Alijaribu gia za kila aina, akaona kwamba mtu mwenye gia moja huumia mara mbili: akipanda hujikamua, na akishuka miguu haipati cha kufanya. Akawa mtetezi mkubwa wa baiskeli yenye gia kadhaa, miaka mingi kabla wataalamu, yaani waendeshaji wa kulipwa, wa Tour de France hawajaruhusiwa kuzitumia mwaka 1937.

Lakini mchango wake ninaoutaka hapa ni wa Pasaka. Vélocio na marafiki zake walikuwa na desturi ya kuondoka Saint-Étienne siku za Pasaka na kuteremka Provence, kwao alikozaliwa. Ukivuka Col de la République unaacha mabaki ya theluji kandokando ya barabara, unateremka Bourg-Argental, unaukuta mto Rhône, kisha unaufuata kwenda kusini kupita Valence na Montélimar. Siku moja mfululizo inamtoa mtu kwenye misonobari yenye baridi na kumfikisha kwenye mizeituni na milozi. Wakati wa kwenda, upepo wa mistral ukivuma, hukusukuma mgongoni. Wakati wa kurudi unakupiga usoni kutwa nzima, na hapo ndipo mtu hujua kama alijitunza jana.

Kutokana na safari hizo Vélocio alitoa usia ambao waendesha baiskeli wa masafa wameurithi hadi leo. Aliwaambia watu wale kidogo kidogo kabla njaa haijawashika, wanywe kabla ya kiu, wavae kabla ya kutetemeka. Aliwahimiza waache mvinyo, nyama na tumbaku wawapo safarini. Yeye mwenyewe alikuwa mla mboga. Na aliwaonya juu ya saa za mwanzo: usijikamue mapema, na usikanyage pedali ili uonekane. Maneno haya yalikwenda kinyume kabisa na mafunzo ya kumkausha mtu. Vélocio alifariki 1930, baada ya kugongwa na tramu humuhumu mjini. Tangu 1922 waendesha baiskeli hukusanyika kila mwaka kupanda mlima wake kwa heshima yake, na kule juu kuna jiwe la kumbukumbu.

Wakati huohuo, Paris, mtu wa tabia tofauti kabisa alikuwa anajenga upande wa pili wa ngazi hii ya breveti. Henri Desgrange alikuwa ameweka rekodi ya saa moja mwaka 1893, kilomita 35.325, akaanzisha Tour de France mwaka 1903 kupitia gazeti lake la L'Auto. Alikuwa mtu wa amri na jasho, na gia nyingi aliziona ni za wazee. Lakini aliona jambo moja zuri kutoka Italia, ambako mwaka 1897 kundi la waendesha baiskeli lilitoka Roma hadi Napoli, takriban kilomita 230, kati ya mawio na machweo. Desgrange akalichukua wazo hilo. Tarehe 3 Aprili 1904, siku ambayo ilikuwa Pasaka, safari ya kwanza ya aina hiyo Ufaransa ilifanyika: Paris hadi Gaillon na kurudi, kilomita 200. Watu walikwenda pamoja kwa mwendo uliopangwa, kiongozi mbele, pasipo kushindana. Aliyefika alipewa hati.

Mwaka huohuo ikazaliwa klabu ya Audax Club Parisien, iliyokabidhiwa kusimamia safari hizo. Mwaka 1921 klabu na Desgrange wakakosana. Desgrange akaunga mkono chama kingine kiendelee na mwendo wa kundi. Klabu nayo ikaanzisha breveti zake mwezi Septemba, ambazo kila mtu huenda kwa mwendo wake mradi afike ndani ya muda. Ugomvi ule uliwanufaisha waliokuja baadaye. Katika mwendo wa kundi, aliyetoka kwenye baridi akiwa dhaifu hulazimika kufuata miguu ya wengine. Katika mwendo huru, anaweza kwenda kwa uwezo aliokuwa nao siku ile, na vituo vikamhukumu kwa haki. Kilomita 200 kwa saa 13 na nusu; 300 kwa saa 20; 400 kwa saa 27; 600 kwa saa 40. Gawanya utaona: ni wastani wa takriban kilomita 15 kwa saa, kusimama, kula na kutengeneza pancha vikiwa vimehesabiwa humo. Mtu wa kawaida aliyejiandaa anaweza. Asiyejiandaa, hata akiwa na misuli, atakwama.

Mwaka 1931 Paris-Brest-Paris ilipoandaliwa tena, watu wa breveti waliendesha njia ileile waliyopita wataalamu. Mwaka huo kwa wataalamu alishinda Mwaustralia Hubert Opperman, kwa saa 49 na dakika 23, katika mvua na upepo. Baada ya 1951 mbio za wataalamu zilikufa. Hawakuwa tena na hamu ya kujitoa kwa umbali ule. Watu wa breveti wakabaki, wakaongezeka. Kabla ya hapo, mwaka 1947, Audax Club Parisien ilikuwa imeanzisha safari ya Pasaka iliyopewa jina la Vélocio: timu za baiskeli tatu hadi tano, saa 24, angalau kilomita 360, kutoka popote Ufaransa kuelekea Provence. Hapo mikono miwili iliyojenga ngazi, wa Saint-Étienne na wa Paris, ikakutana. Mwaka 1983 breveti zikapata chama cha kimataifa. Leo anayetaka kwenda Brest sharti amalize 200, 300, 400 na 600 mwaka huohuo, na mwaka 2023 zaidi ya watu 6,000 kutoka pande zote za dunia walisimama kwenye mstari wa kuanzia wakiwa wametimiza sharti hilo. Linganisha na asubuhi ile ya 1891.

Sasa niseme kwa nini naamini ngazi hii imepangwa kwa hekima, na hapa nasema kama mtu aliyekulia mahali ambapo usiku na mchana ni sawasawa. Ngazi inafuata jua. Mwishoni mwa Machi mchana na usiku vinalingana, kwa hiyo mtu mwenye mwendo wa kadiri humaliza kilomita 200 kabla ya giza kumkuta, au likimkuta yuko karibu na nyumbani. Aprili mchana unarefuka, lakini 300 inamlazimisha kuonja usiku kidogo. Mei, 400 inampa usiku mzima. Juni, 600 inampa siku mbili na usiku katikati, lakini wakati huo jua la Saint-Étienne huzama saa tatu na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, hivyo giza limekuwa fupi kuliko wakati wowote wa mwaka. Umbali unaongezeka huku usiku na baridi vikipungua. Kwa Kifaransa chao chepesi wazee wa klabu husema tu kwamba ndivyo ilivyo siku zote.

Na kila kipandio kinaongeza jambo moja jipya, halafu kinakuacha wiki kadhaa ulitafakari. 200 inapima siti, viatu na mikono: chochote kinachochubua kitachubua hapo. 300 inapima taa na chakula. 400 inapima akili yako saa tisa usiku, wakati kila mti unafanana na mwingine na maduka yote yamefungwa. 600 inapima usingizi: ulale saa ngapi, wapi, kwa muda gani. Anayeanza na 600 hupambana na hayo yote kwa pamoja, na akishindwa hajui ni lipi lililomwangusha.

Wataalamu nao walikuwa na njia zao za kupita baridi. Paris kulikuwa na uwanja wa ndani, Vélodrome d'Hiver, uliofunguliwa mtaa wa Nélaton mwaka 1910, ambako mbio za siku sita zilifanyika kuanzia 1913. Jina la uwanja huo sasa linabeba msiba mkubwa: Julai 1942 zaidi ya Wayahudi 13,000 walikamatwa Paris na vitongoji vyake, na maelfu kati yao wakafungiwa humo kabla ya kupelekwa kambini. Haifai kuutaja uwanja huo kwa habari ya baiskeli pekee. Wengine walikwenda matopeni. Octave Lapize, mshindi wa Tour de France ya 1910, alizipa mbio za mashambani za majira ya baridi sehemu ya sifa ya ushindi wake. Wengine walishuka Februari pwani ya Mediterania kutafuta jua, na mbio kubwa za mwanzo wa msimu nazo ziko upande huo: Milan-Sanremo tangu 1907, Paris-Nice tangu 1933. Fausto Coppi, akiwa na mkandaji wake kipofu Biagio Cavanna, alileta utaratibu mkali wa chakula na mazoezi, na Machi 1946 akashinda Milan-Sanremo akimwacha wa pili kwa dakika 14.

Yupo pia aliyekataa kupumzika. Mwingereza Tommy Godwin alianza tarehe 1 Januari 1939 na hakuacha. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa ameendesha maili 75,065, zaidi ya kilomita 120,000, wastani wa kilomita 330 kwa siku. Vita vilipoanza Septemba aliendelea usiku na taa iliyofunikwa. Aliendelea hadi Mei 1940, akatimiza maili 100,000 kwa siku 500. Namheshimu sana. Lakini inasimuliwa kwamba alipomaliza ilibidi ajifunze upya kutembea na kutumia viganja vyake. Huyo ni mtu mmoja kati ya mamilioni, na hata yeye mwili ulimdai.

Sisi wengine tuna desturi ya wakongwe, ambayo karakanani kwangu naisikia kila Februari: kilomita 1,000 za kwanza za mwaka, usiguse gia kubwa ya mbele. Zamani walikwenda mbali zaidi. Walifunga gurudumu la nyuma lisiloachia, ambalo likizunguka na pedali zinazunguka, ili miguu isipate kupumzika hata kwenye mteremko. Shabaha ilikuwa kuzoea kuzungusha kwa wepesi kabla ya kutumia nguvu. Mzee mmoja wa klabu yetu, aliyefika Brest ujanani, bado anafuata hilo. Tunapopanda Col de la République mwezi Machi yeye hukaa nyuma, gia ndogo, midomo imefungwa, anapumua kwa pua. Niliwahi kumwambia, "Mzee, leo una nguvu, mbona huzitumii?" Akanijibu kwamba nguvu za Machi si zake, ni za Juni, na yeye ni mtunzaji tu.

Nimemwona mzee huyohuyo kwenye breveti ya 200. Anasimama mkate unapouzwa, anampa muuzaji kadi, muhuri unagongwa kando ya saa iliyoandikwa kwa kalamu. Ananunua mkate wenye jibini, anakula nusu akiwa amesimama, nusu anaitia mfuko wa nyuma. Anageuza soksi iliyokunjamana kwenye kifundo. Anashika tairi zote mbili kwa kidole gumba, anatazama cheni, anapanda. Vijana waliompita kwa kasi asubuhi tunawakuta kilomita ya 140 wameketi ukingoni mwa barabara, nyuso zimepauka, wanatafuta kitu cha kula mifukoni. Hawakukosa nguvu. Walizitumia zote saa tatu za mwanzo, kwa kuamini kwamba mwili wa Machi ni ule wa Septemba iliyopita.

Siku hizi kuna baiskeli za kukanyaga ndani zilizounganishwa na kompyuta, na programu zinazokupimia kila pigo la moyo. Wateja wangu wengi wanazo, na ni vifaa vizuri: miguu huanza Machi ikiwa na uhai. Lakini siti ya sebuleni haikufundishi kula ukiwa umechoka, wala kuvaa koti kabla ya mteremko wa kilomita 10 kwenye hewa ya nyuzi 4, wala kutengeneza pancha kwa vidole vilivyokufa ganzi. Kwa hiyo hata wenye vifaa hivyo huanzia 200.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna theluji, lakini mapumziko yapo. Kuna masika inayofunga barabara, kuna ugonjwa, kuna mwezi wa mfungo, kuna msimu wa kazi usiompa mtu nafasi. Kila mmoja hurudi siku moja, na karibu kila mmoja hushawishika kuanzia pale alipoishia. Hilo ndilo kosa ambalo Wafaransa walijifunza kuliepuka, na somo lao halihitaji vifaa wala fedha. Klabu yoyote ya Tanga, Mombasa au Kisumu inaweza kupanga ngazi yake: masika ikiisha, Juni kilomita 60, Julai 100, Agosti 150, Septemba 200. Wapeni watu kadi. Wekeni vituo kwenye maduka ya njiani na muhuri wenu. Wapeni muda wa haki, kilomita 15 kwa saa, na kila mtu aende kwa mwendo wake. Msimruhusu mtu kuruka kipandio, hata akiwa bingwa. Mtafikisha watu wengi mbali zaidi kuliko mbio zozote za zawadi, na mwaka wa pili watarudi wakiwa wazima.